Jon Postel, mwenye daftari la namba

Muulize mwanachuo yeyote hapa nani alianzisha Facebook, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize nani yuko nyuma ya iPhone, atamtaja Steve Jobs hata kama yeye mwenyewe mfukoni ana Tecno yenye kioo kilichopasuka. Sasa muulize ni nani aliyekuwa akigawa zile namba ambazo bila hizo hakuna simu wala kompyuta inayoweza kuipata nyingine kwenye intaneti. Hapo utapata kimya, au utaambiwa ni kompyuta zenyewe zinajigawia.

Hazijigawii. Kwa karibu miaka 30 kulikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na orodha. Jina lake Jon Postel. Alifariki mwaka 1998, kabla wengi wetu hatujazaliwa, na hadi leo rauta iliyopo kwenye dirisha la nyumba yenu inatii maamuzi yake. Mimi nasoma ualimu, si kompyuta, na nilimfikia kwa njia ya uchochoroni ambayo nitaieleza nikifika hapo. Kwanza maisha yake.

Jonathan Bruce Postel alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943, Altadena, California. Alisoma Van Nuys High School, shule ya serikali iliyopitiwa pia na Vint Cerf na Steve Crocker, na wote watatu wakaja kufanya kazi pamoja chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles. Shule moja ya sekondari, vijana watatu wa miaka inayokaribiana, na wote wamo kwenye msingi wa intaneti. Sisi tunaosomea ualimu tungependa kujua walimu wa hapo walikuwa wanafundisha vipi! Postel alipata shahada ya kwanza UCLA mwaka 1966, ya pili 1968, na udaktari 1974.

Picha zake zinamwonyesha mtu mwenye ndevu nyingi zinazomfunika kifua. Alijulikana kwa kuvaa makubazi mahali ambapo wenzake walivaa viatu vya kufunga kamba, na akipata nafasi alibeba shanta akapanda milima ya Sierra Nevada. Alikuwa mkimya. Ukimkuta kwenye daladala ungedhani ni mhubiri au msanii, usingedhani ni msajili.

Akiwa bado mwanafunzi UCLA alijikuta kwenye kundi dogo lililokuwa likiunganisha kompyuta za vyuo mbalimbali kwa fedha za wizara ya ulinzi ya Marekani. Mtandao huo uliitwa ARPANET. Tarehe 29 Oktoba 1969 ujumbe wa kwanza ulitoka UCLA kwenda taasisi ya utafiti ya Stanford, na mfumo ukaanguka baada ya herufi mbili tu. Kama saa moja baadaye wakajaribu tena, ukakubali. Wengi wanaikumbuka siku hiyo kwa sababu ya zile herufi mbili. Lakini kwa maisha ya Postel, jambo kubwa zaidi la mwaka huo lilikuwa la karatasi.

Aprili 1969 Crocker alikuwa ameandika waraka mfupi wa kuwaomba wenzake maoni. Hawa walikuwa wanafunzi, hawakuwa na mamlaka ya kumwamuru mtu yeyote, kwa hiyo hawakuthubutu kuuita kanuni. Wakauita ombi la maoni, wakaupa namba 1. Ukafuata wa 2, wa 3, na kuendelea. Nyaraka hizo, zinazojulikana kwa kifupi kama RFC, ndizo mpaka leo zinazoeleza namna intaneti inavyofanya kazi. Postel akawa mhariri wake, akabaki mhariri hadi anakufa, zikiwa zimefika zaidi ya 2,000. Yeye mwenyewe ameandika au kushiriki kuandika zaidi ya 200. Sasa hebu fikiria mwanachuo mwenzako unayempa kazi ya kuandika kumbukumbu za kikao cha darasa, halafu miaka 29 baadaye bado anaandika, na hakuna kikao hata kimoja alichoruka.

Kazi ya namba ilianza vivyo hivyo, kwa mtu kujitolea. Kila programu kwenye mtandao ule ilihitaji namba yake ili kompyuta ijue ujumbe ulioingia ni wa nani. Mwanzoni kila mtu alijichagulia, na bila shaka wawili wakaanza kuchagua moja. Mei 1972 Postel aliandika waraka wa RFC namba 349 akipendekeza awepo bwana mkubwa mmoja wa kugawa namba, na kwenye mabano akauliza kama huyo bwana mkubwa awe yeye. Hakuna aliyempinga. Inasimuliwa kwamba orodha yenyewe mwanzoni ilikuwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari.

Ukitaka kuelewa kwa nini jambo dogo hivyo lina uzito, kumbuka mwaka 2022, kabla ya sensa, lilipopita zoezi la anwani za makazi. Mitaa ikapewa majina, nyumba zikapewa namba, vijana wakapita na tablet na rangi. Kuandika namba 14 juu ya mlango ni kazi ya dakika moja. Ugumu uko kwenye kuhakikisha hakuna mlango mwingine kwenye mtaa huo ulioandikwa 14, na kwamba mwakani mtu akijenga katikati, yupo anayejua apewe namba gani. Rangi anaweza kupaka yeyote. Lazima awepo anayeshika daftari, na watu wote wakubali kwamba daftari ni lile.

Mwaka 1977 Postel alihamia taasisi ya sayansi ya habari ya Chuo Kikuu cha Southern California, kule Marina del Rey, na daftari likahama naye. Pale alifanya kazi na Joyce Reynolds, mwanamke ambaye jina lake linaonekana pamoja na la Postel kwenye orodha za namba mwaka baada ya mwaka, na ambaye masimulizi mengi yanampita haraka kuliko anavyostahili. Baadaye ofisi hiyo ya watu wachache ikapewa jina rasmi, IANA, yaani mamlaka ya namba za intaneti. Jina kubwa, lakini kwa miaka mingi ukisema IANA ulikuwa unamaanisha Jon.

Septemba 1981 alihariri nyaraka tatu kwa mpigo, RFC 791, 792 na 793. Ya kwanza inaeleza itifaki ya IP, ya mwisho TCP. Ujumbe mwingi unaotuma leo kwenye intaneti, hata ile meseji ya kuomba kutumiwa nauli, unapita kwa kanuni zilizotokana na zile zilizoandikwa humo. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET nzima ilihamia kwenye mfumo huo, na Postel ndiye aliyekuwa ameandika mpango wa kuhama. Kwenye maelezo ya itifaki hizo aliweka wazo ambalo wahandisi wameliita kwa jina lake tangu hapo: programu iwe na uangalifu mkubwa katika inachotuma, na iwe na uvumilivu katika inachopokea. Liweke akilini, maana tutalirudia tukifika Sapiwi.

Anwani ya IP ya mfumo ule ni namba nne, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Ukizidisha unapata anwani 4,294,967,296. Mwaka 1981, mtandao ukiwa na kompyuta mia chache, hizo zilionekana hazitaisha hata dunia ikigeuka. Ndiyo maana waligawa kwa mafungu makubwa kama mtu anayegawa mashamba porini. Fungu lote linaloanza na namba fulani, lenye anwani milioni 16 na ushee, lilipewa taasisi moja.

Na mengine yakatengwa. Fungu la 0 halikugawiwa. Fungu la 127 lilitengwa ili kompyuta ijiongeleshe yenyewe, 127.0.0.1 maana yake ni mimi mwenyewe hapa nilipo. Kuanzia 240 hadi mwisho kabisa pakaachwa kwa matumizi ya baadaye. Fungu la 10 lilikuwa la ARPANET yenyewe. ARPANET ilipozimwa mwaka 1990, namba yake ikabaki haina mwenyewe, kama kiwanja cha marehemu asiye na ndugu.

Kufikia miaka ya tisini watu walishaona kwamba anwani zitakwisha. Waraka wa mwaka 1994, ukafuatiwa na RFC 1918 ya Februari 1996, ulitoa suluhisho la kupunguza makali: mafungu matatu yawe ya ndani, ya kila mtu na si ya mtu. La kwanza ni lile la 10, urithi wa ARPANET. La pili linaanza 172.16 hadi 172.31. La tatu ni 192.168. Nyumba yoyote, ofisi yoyote, hosteli yoyote inaweza kuyatumia ndani ya kuta zake bila kuomba ruhusa, kwa sharti moja tu, kwamba yasitoke nje. Waandishi wa waraka huo walikuwa wengine, lakini namba zilitoka kwenye daftari la Postel.

Kuna jambo lake moja linalotugusa Waafrika moja kwa moja. Kila nchi ilihitaji jina lake la mwisho kwenye anwani za tovuti, kama .ke na .tz. Swali likaja: nchi ni ipi? Fikiria ugomvi unaoweza kutokea hapo, watu wangapi duniani wanadai wao ni nchi na wangapi wanakataliwa. Kwenye RFC 1591 ya Machi 1994 Postel alikwepa mtego huo kwa akili. Alieleza kwamba kuamua kipi ni nchi na kipi si nchi haikuwa kazi ya ofisi yake, akachukua orodha ya kifupi cha majina ya nchi iliyokwishatungwa na shirika la viwango la kimataifa, akaitumia kama ilivyo. Alitaka pia msimamizi wa jina la nchi awe mdhamini anayewatumikia watu wa nchi hiyo, si mwenye mali. Kenya ilisajiliwa 1993. Tanzania ilisajiliwa 1995, na .tz ikatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa tzNIC. Naona hiyo ni siasa ya hali ya juu kutoka kwa mtu aliyekuwa hapendi siasa.

Lakini siasa ilimpenda yeye. Kufikia 1998 intaneti ilikuwa ni fedha. Kampuni ya Network Solutions ilikuwa inauza majina ya .com kwa mkataba wa serikali ya Marekani, na serikali hiyo ilikuwa inaandaa mpango wake wa kuamua nani atasimamia majina na namba zote. Mtandao wa majina ulitegemea seva kuu 13, na zile 12 zilichukua nakala kutoka seva A iliyokuwa kwa Network Solutions. Tarehe 28 Januari 1998 Postel aliwaandikia barua pepe waendeshaji wa seva 8, akawaomba waanze kuchukua nakala kutoka kwenye seva ya taasisi yake. Wakafanya. Hawakudai barua yenye muhuri, waliona jina la Jon wakatekeleza.

Kwa siku chache mamlaka ya juu ya majina ya intaneti iligawanyika mara mbili, na watumiaji hawakuona tofauti yoyote kwa sababu nakala zilikuwa sawa. Serikali ya Marekani ilikasirika. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Clinton kwa mambo hayo, aliingilia kati, na ndani ya wiki moja hivi Postel alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akieleza kwamba lilikuwa jaribio tu. Wapo wanaoamini ni jaribio kweli. Mimi siamini. Naona alitaka kuonyesha kwamba daftari linakaa pale ambapo watu wanaliamini, si pale ambapo mkataba unasema. Na naona pia kwamba serikali haikuwa na wasiwasi wa bure: kama barua pepe ya mtu mmoja inaweza kuhamisha mzizi wa mtandao wa dunia nzima, basi siku mtu huyo akiugua au akikosea kuna tatizo. Postel mwenyewe alikuwa analijua hilo, maana mwaka huohuo alikuwa anasaidia kuunda chombo cha kumrithi.

Chombo hicho, ICANN, kilisajiliwa mwishoni mwa Septemba 1998. Tarehe 16 Oktoba, Postel alifariki Los Angeles kwa matatizo yaliyotokana na upasuaji wa moyo. Alikuwa na miaka 55. Vint Cerf aliandika taazia, na ikachapishwa kama RFC namba 2468, kwenye mfululizo uleule ambao marehemu alikuwa ameuhariri tangu akiwa mwanafunzi.

Sasa ule uchochoro wangu. Nyumbani ni Sapiwi, wilayani Bariadi, mkoa wa Simiyu, nchi ya pamba. Likizo iliyopita mjomba alinikabidhi rauta yake ya laini, kwa imani ile ya kwetu kwamba aliyefika chuo kikuu anajua kila kitu kinachowaka taa. Inatumiwa na familia, na mwalimu mpangaji mwenye kompyuta mpakato, na binamu zangu ambao bando likiisha ndiyo wanakumbuka kusoma. Tatizo lilikuwa kwamba tovuti za nje zilifunguka vizuri, ila baadhi za hapahapa nchini ziligoma. Fundi aliyeifunga, ambaye simtaji, alikuwa ameweka kwenye sehemu ya kuzuia orodha ndefu ya anwani zilizotengwa na ambazo hazijatumika, akimwambia mjomba kwamba ni ulinzi.

Nusu ya orodha ile ilikuwa sahihi, na inafaa kuwepo kwenye kila nyumba. Nitaeleza kwa lugha ya kwetu. Tuseme sungusungu usiku wanamkuta mtu nje ya boma lako, wanamuuliza anatoka wapi, anasema ametoka kulala humo ndani ya nyumba yako. Wewe uko ndani na watu wako wote uwajuao. Huyo ni mwongo, hana haja ya kuulizwa swali la pili. Pakiti inayobisha kutoka nje ya intaneti ikidai imetoka 192.168 ya nyumbani kwako, au 127, au 0, au 240 na kuendelea, ndiyo huyo. Anwani imeghushiwa au kuna kifaa kimekosewa mipangilio. Zuia.

Upande wa pili watu wengi wanausahau: kinachotoka. Kompyuta ya yule mwalimu ilikuwa imewahi kuunganishwa na printa ya ofisini yenye anwani inayoanza na 10. Ikiwa nyumbani bado inaitafuta. Rauta haina printa hiyo, kwa hiyo inapeleka ombi nje, kwa kampuni ya simu, ambako anwani hiyohiyo ya 10 huenda ni mashine ya mtu mwingine kabisa. Bando linalopotea hapo ni dogo, nisiwadanganye. Lakini ni uchafu wa nyumbani kwako unaoumwaga barabarani, na ukijumlisha nyumba zote duniani ni mwingi. Kompyuta zinauliza majina ya anwani hizi za ndani kwa wingi kiasi kwamba zimewekwa seva maalumu ulimwenguni ambazo kazi yake ni kujibu maswali hayo yasiyo na maana tu. Moja imepewa jina la Kiingereza lenye maana ya mfungwa. Kwa hiyo kwenye rauta unaandika kanuni: chochote kinachoelekea 10, 172.16 hadi 172.31 au 192.168 na si cha humu ndani, kisitoke. Hapo ndipo nilipolikumbuka wazo la Postel. Watu wanapenda kunukuu nusu ile ya uvumilivu. Nusu ya kwanza, ya uangalifu katika unachotuma, inaanzia kwenye rauta ya mjomba.

Kuna tahadhari moja kwa wanaotumia rauta za laini. Kampuni nyingi za simu hazina anwani za kutosha, kwa hiyo rauta yako inapewa kwa nje anwani ya ndani ya kampuni, labda ya fungu la 10 au ile iliyotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo, inayoanzia 100.64 na kuishia 100.127. Ukizuia kila kitu bila kuangalia rauta yenyewe imepewa anwani gani upande wa nje, unaweza kujifungia mlango na ufunguo ukabaki ndani.

Nusu ya pili ya orodha ya fundi ndiyo iliyoleta shida. Hizo zilikuwa anwani ambazo hazijagawiwa, na kwenye orodha ile ilikuwemo 102. Anwani za Tanzania nyingi huanza na 41, 102, 154, 196 au 197. Ni kweli kwamba fungu la 102 lilikuwa halina mtu, hadi Februari 2011. Tarehe 3 ya mwezi huo mafungu matano ya mwisho ya dunia yaligawiwa kwa mashirika matano ya kanda, moja kila shirika, na Afrika, kupitia AFRINIC yenye makao Mauritius, ikapata 102. Fundi alikuwa amenakili orodha ya zamani kuliko hiyo. Mjomba alikuwa anazuia majirani zake.

Jambo hili si la Sapiwi peke yake. Agosti 2002 fungu la 69 lilipogawiwa Amerika Kaskazini, wateja waliopewa anwani hizo walikuta tovuti kibao haziwafungukii, kwa sababu wasimamizi huko walikuwa na orodha za zamani zilizosema 69 haina mtu. Fungu la 41 liligawiwa Afrika Aprili 2005. Yeyote duniani ambaye hakusasisha orodha yake mwaka ule alikuwa anamfungia Mwafrika mlango huku akiamini anajilinda na wahalifu. Zilizotengwa, kama 127, 10 na 240, unaweza kuziandika ukaziacha. Zile ambazo hazijagawiwa zilikuwa zinabadilika kila daftari lilipofunguliwa, na leo katika mfumo huu wa zamani karibu zote zimekwisha, kwa hiyo kuziweka kwenye rauta ya nyumbani ni kutafuta ugomvi. Nilifuta mistari hiyo, nikabakiza ya zilizotengwa, tovuti zikafunguka. Mjomba akaniuliza kama chuoni ndicho tunachofundishwa. Nikamwambia hapana.

Wizi nao ulikuja kwa njia ya anwani zilizolala. Mwishoni mwa mwaka 2019 iliripotiwa kwamba mamilioni ya anwani za Afrika zilikuwa zimehamishwa kinyemela kwenye kumbukumbu za AFRINIC, nyingi zikiwa za taasisi na kampuni zilizosajiliwa zamani ambazo hakuna aliyekuwa akizifuatilia. Anwani moja siku hizi inauzwa kwa dola kadhaa, hivyo zidisha mwenyewe. Enzi za Postel ungelazimika kumdanganya mtu mmoja aliyekuwa anajua kila fungu lilikokwenda.

AFRINIC isingekuwepo bila watu kama Nii Quaynor, profesa wa kompyuta kutoka Ghana, aliyeipigania kwa miaka ili Afrika iache kuombea namba zake Ulaya na Marekani. Mwaka 2007 alipewa tuzo inayotolewa kila mwaka kwa jina la Jonathan Postel. Na lile fungu kubwa kuanzia 240, anwani 268,435,456, bado liko kwenye orodha ya zilizotengwa kwa matumizi ya baadaye. Yametolewa mapendekezo lifunguliwe, lakini vifaa vingi vya zamani vimefundishwa kulikataa, na mpaka sasa hajapewa mtu.